Simbilisi Mgonjwa na Mpaka wa Uuguzi

Miongoni mwa wanyama wadogo wafugwao majumbani na mashuleni, simbilisi hujulikana na wengi lakini huangaliwa na wachache. Hana thamani ya ng'ombe wala heshima ya mbuzi. Mtoto humpata kwa jirani, humweka jikoni au pembeni mwa banda la kuku, humtupia majani, na mambo yakienda vyema baada ya miezi michache huwa na simbilisi wengi. Siku mnyama huyo anapougua, aghalabu hutokea moja kati ya mambo mawili. Nyumba moja humtoa nje akafie kichakani, kwa hoja kwamba yeye si mali ya kuitiwa daktari. Nyumba nyingine humng'ang'ania: humnywesha uji kwa nguvu, humpa vidonge vya watu, humwamsha usiku kucha, mpaka anakufa siku ya sita akiwa mifupa mitupu. Jambo la kwanza huitwa ukatili, na la pili huitwa huruma. Hata hivyo yote mawili yana kosa moja. Hakuna aliyemtazama mnyama mwenyewe ili kujua hali yake.

Swali la namna ya kumuuguza mnyama mdogo, na la lini uuguzi huo ukome, huonekana dogo mbele ya matatizo mengine ya mikoa ya Shinyanga na Geita. Lakini ni swali la sayansi kamili. Linahitaji kupima, kuandika, kulinganisha, na kisha kuamua kwa ushahidi. Tena ni swali ambalo mwanafunzi wa sekondari anaweza kukutana nalo kabla hajafikisha umri wa miaka kumi na minane, wakati hakuna somo lililomwandaa kulijibu.

Deni la binadamu

Simbilisi, ambaye wanasayansi humwita Cavia porcellus, asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, ambako alifugwa kwa ajili ya nyama kwa maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajafika. Huko Ulaya alifika katika karne ya 16, na haukupita muda mrefu akaingizwa maabara.

Kila mwanafunzi afundishwaye kwamba upumuaji ni namna ya uunguzaji wa polepole ananufaika na mnyama huyu. Katika majira ya baridi ya 1782 na 1783, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace wa Ufaransa walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima barafu iliyoyeyuka kwa joto la mwili wake, na kuilinganisha na hewa ya ukaa aliyoitoa. Mwaka 1882 Robert Koch wa Ujerumani alipotangaza kwamba kifua kikuu husababishwa na bakteria, sehemu ya ushahidi wake ilitokana na simbilisi aliowaambukiza. Mwaka 1907 Axel Holst na Theodor Frølich wa Norway waliwalisha simbilisi nafaka peke yake, na wanyama wale wakapatwa na ugonjwa uliofanana na kiseyeye cha mabaharia. Walipopewa kabichi au maji ya ndimu walipona. Kwa njia hiyo ukafunguka mlango wa kuielewa vitamini C, ambayo Albert Szent-Györgyi na wenzake waliithibitisha mwaka 1932, kwa kuwatumia simbilisi tena.

Mnyama aliyetoa mchango wa namna hii katika kuokoa maisha ya watu hastahili kufa kwa uzembe. Lakini deni si sababu pekee ya kumtunza vyema. Ipo sababu nyingine iliyo karibu zaidi: magonjwa mengi yanayomuua yanaweza kuzuiwa kwa maarifa ambayo tayari yamo katika vitabu vya shule.

Kiangazi na kiseyeye

Panya, mbwa, ng'ombe na wanyama wengine wengi hutengeneza vitamini C ndani ya miili yao. Simbilisi hawezi, kama binadamu asivyoweza, kwa sababu wote wawili wamekosa kimeng'enya kimoja cha mwisho katika mfululizo wa kuitengeneza. Simbilisi mzima huhitaji takriban miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, na mwenye mimba huhitaji hadi miligramu 30. Akikosa kabisa kwa wiki mbili au tatu, huanza kuugua: manyoya hukosa mng'aro, viungo huvimba na kuuma, fizi hutoa damu, naye hukataa kutembea na hatimaye kukataa kula.

Sasa na itazamwe kalenda ya Shinyanga. Kuanzia Juni hadi mvua za mwisho wa mwaka, majani mabichi huadimika. Msukuma mfugaji ameijua hali hiyo tangu zamani, ndiyo maana akabuni ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili liwafae ng'ombe na ndama wakati wa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI na ulioanza mwaka 1986, ulijengwa juu ya maarifa hayo ya wenyeji. Binadamu naye alijiwekea akiba yake: nsansa, ambayo ni majani ya kunde yaliyokaushwa, na michembe ya viazi vitamu. Lakini hakuna aliyemwekea simbilisi ngitili. Hupewa pumba za mahindi, maganda na nyasi kavu, na mwenyewe huridhika kwa kuwa tumbo la mnyama limejaa. Kukausha kwa jua huharibu sehemu kubwa ya vitamini C. Kwa hiyo hata akipewa nsansa ya mwaka mzima, kiseyeye hakitazuilika.

Simbilisi wakifa mmoja baada ya mwingine mwezi wa Septemba, jirani hushukiwa kwa jicho lake baya, au husemwa kwamba wanyama hao hawapatani na nchi. Jibu huwa limo katika chombo cha chakula. Matuta mawili ya mchicha na matembele, yakimwagiliwa maji yaliyooshewa mboga, yanatosha kuwalisha simbilisi kadhaa kiangazi chote. Mahali pasipo na bustani, kidonge cha vitamini C kisagwe na kupewa mnyama moja kwa moja. Kukitia katika maji ya kunywa si njia ya kutegemewa, kwa kuwa vitamini hiyo huharibika upesi majini.

Joto nalo ni adui. Kibanda kilichoezekwa bati na kuelekea jua la saa nane mchana katika mwezi wa Oktoba kinaweza kumuua simbilisi mwenye afya kabla ya jioni. Kivuli, upepo na maji safi ni tiba zinazotangulia dawa zote.

Dawa iuayo

Kosa kubwa zaidi katika kumuuguza simbilisi hufanywa kwa nia njema. Mnyama akikohoa au kuharisha, mwenyewe hukumbuka vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kabatini, au huenda duka la dawa kununua vingine. Lakini penisilini, ampisilini na amoksisilini, hasa zikipitia mdomoni, ni sumu kwa simbilisi. Sababu yake si vigumu kuielewa. Simbilisi huyeyusha majani kwa msaada wa bakteria wanaoishi katika mfuko mkubwa uliopo mwanzoni mwa utumbo wake mpana. Dawa hizo huwaua bakteria hao wema. Nafasi yao huchukuliwa na bakteria wa jamii ya Clostridium, ambao hutoa sumu, na mnyama huharisha na kufa kwa siku chache. Mwenye mnyama hudhani ugonjwa ulishinda dawa, kumbe dawa ndiyo iliyoua. Daktari wa mifugo anazo dawa nyingine zisizo na hatari hiyo, na uchaguzi wake ni kazi ya aliyesomea.

Methali husema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Kwa simbilisi methali hiyo ni kweli kwa nusu. Ni kweli kwa kuwa simbilisi asipokula kwa siku moja tu utumbo wake huanza kusimama, na akiachwa bila chakula atakufa kwa jambo hilo hata kama ugonjwa wa kwanza ulikuwa mdogo. Hivyo inafaa asagiwe majani laini, yatiwe maji, apewe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo, kupitia pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, huku akimeza mwenyewe. Lakini akishindwa kumeza, uji huo huingia mapafuni. Hapo uji umegeuka kuwa mateso, na mgonjwa anapaswa kuulizwa kwa namna pekee awezayo kujibu, yaani kwa kutazamwa.

Kumtazama mgonjwa

Simbilisi ni mnyama anayewindwa na wengine, na mwindwa huficha udhaifu wake. Dalili zinapoonekana kwa macho, ugonjwa huwa umekwishapiga hatua. Mwangalizi makini hutafuta mabadiliko madogo: mnyama aliyezoea kupiga mluzi asikiapo majani yakikatwa, leo yu kimya, amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, macho yamefumbwa nusu, kinyesi kimepungua au kimekuwa kidogo kama punje, anasaga meno bila kula. Anayepumua kwa kuinua mbavu, au kwa mdomo wazi, yumo hatarini saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo jike ashindwaye kuzaa, hasa yule aliyepata mimba ya kwanza baada ya kupita umri wa miezi saba hivi, wakati mifupa ya nyonga imekwisha kukaza.

Chombo bora cha uchunguzi ni mizani. Mikoa ambamo dhahabu hupimwa kwa sehemu ndogo za gramu haiwezi kukosa mizani ya kumpimia mnyama wa gramu 800. Apimwe kila siku, saa ile ile, na tarakimu ziandikwe. Aliyepoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake ni mgonjwa hata kama macho bado yang'aa. Aliyefikia kupoteza sehemu moja ya tano huku uuguzi ukiendelea amekwisha kutoa habari nzito, na habari hiyo haifai kupuuzwa.

Katika ukanda wa dhahabu liko jambo lingine la kuangaliwa. Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili zebaki iruke kama mvuke. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, nao hudhuru mishipa ya fahamu na figo. Tanzania iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki, lakini bado kuna nyua ambamo huchomwa jirani na jiko. Simbilisi anayetetemeka na kudhoofu katika ua wa namna hiyo hawezi kuthibitisha kuwapo kwa sumu, kwa kuwa magonjwa mengi huleta dalili hizo. Lakini amevuta hewa ile ile waivutayo watoto, na ugonjwa wake ni sababu ya kutosha ya kuhamisha uchomaji mbali na makazi na kuwapeleka watu hospitali wakapimwe.

Katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, kufuatia ushauri wa mwanasayansi John Scott Haldane mwishoni mwa karne ya 19, wachimbaji waliteremka na ndege wadogo waitwao kanari, ambao huzirai kwa hewa ya sumu mapema kuliko binadamu. Desturi hiyo iliendelea hadi mwaka 1986. Vilikuwapo hata vizimba vilivyofungwa chupa ya oksijeni, ili ndege akizirai afufuliwe hapo hapo. Watu waliomtumia mnyama kulinda maisha yao walikubali kwamba nao wana wajibu kwake.

Mpaka wa uuguzi

Wajibu huo una mwisho, na ugumu wote umo katika kuutambua. Mwaka 1959 wanasayansi wawili wa Uingereza, William Russell na Rex Burch, walitoa kitabu juu ya kuwatumia wanyama maabara kwa utu. Fikra zao zimezaa kanuni inayofuatwa leo katika maabara zenye maadili: kabla jaribio halijaanza, mtafiti huandika ni dalili zipi zikionekana mnyama asiendelee kuachwa katika mateso. Hasubiri mpaka siku yenyewe, kwa sababu siku hiyo atakuwa na shauku ya kumaliza kazi, na shauku ni mshauri mbaya.

Kanuni hiyo yafaa kuhamishiwa nyumbani. Mwenye mnyama naye ana shauku yake, nayo ni upendo. Kwa hiyo aandike siku ya kwanza ya ugonjwa, akiwa bado na akili tulivu, majibu ya maswali machache. Je, ugonjwa una tiba ijulikanayo, na tiba hiyo inapatikana? Je, mnyama anakula mwenyewe walau kidogo? Je, anapumua bila taabu? Je, anaweza kusogea mpaka kwenye maji? Je, maumivu yake yanaweza kupunguzwa? Kisha aweke muda, kwa mfano siku tatu za uuguzi wa dhati. Uzito ukipanda au hata kusimama, aendelee. Maswali yote yakijibiwa kwa hapana, na uzito ukizidi kushuka, uuguzi umefika mpaka wake. Kinachoendelea baada ya hapo ni kumfariji mwenye mnyama kwa gharama ya mnyama.

Namna ya kumwachia nayo ina kanuni. Kumzamisha majini, kumpa sumu ya panya, kumziba pumzi au kumwacha juani ni kumwongezea mateso, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Daktari wa mifugo humpa nusukaputi kwanza, kisha dawa inayosimamisha moyo, naye mnyama hufa usingizini. Pasipo na daktari, bwana mifugo wa kata aulizwe kwanza. Kazi hii haifai kuachiwa mtoto. Mzoga uliochomwa dawa hizo uzikwe kwa kina, usitupwe jalalani, kwa kuwa mbwa au tai atakayeula anaweza kufa.

Hoja za wanaopinga

Ziko hoja tatu zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza husema kwamba uhai ni wa Mungu na binadamu hana idhini ya kuukatisha. Hoja hii ina uzito, na ateuaye kumwacha mnyama afe mwenyewe kwa imani yake hapaswi kudharauliwa. Lakini atambue kwamba kumwacha afe si sawa na kumwacha ateseke. Anayesubiri mwisho anadaiwa kivuli, maji, mahali pakavu, na kutolazimishwa kula.

Ya pili husema kwamba huu ni mchezo wa matajiri: zahanati hukosa dawa za watoto, vipi simbilisi apewe daktari? Ni kweli kwamba simbilisi huuzwa kwa bei ndogo kuliko nauli ya kumfikisha Mwanza, na madaktari wa mikoa hii wameelemewa na ng'ombe. Lakini sehemu kubwa ya yaliyoelezwa hapa haina gharama. Kupima uzito, kumpa mchicha, kutompa amoksisilini na kutomtupa kichakani havihitaji fedha. Aliye maskini ndiye anayehitaji zaidi kujua mapema kwamba tiba haitafaa, ili asitumie alichonacho katika kurefusha kifo.

Ya tatu ni ya mfugaji wa jadi, asemaye kwamba kisu kimekwisha kulijibu swali hili: mnyama akidhoofu huchinjwa. Kwa ng'ombe aliyevunjika mguu jibu hilo lina hekima yake. Kwa mnyama mgonjwa aliyejazwa dawa halifai, kwa kuwa nyama yake ina mabaki ya dawa na pengine vijidudu vya kuambukiza watu.

Na iongezwe tahadhari moja. Hakuna lolote katika haya linalomhusu binadamu mgonjwa. Mtu husema maumivu yake, hutoa au hunyima ridhaa, na sheria humlinda mpaka pumzi ya mwisho. Atakayeuchukua mfano wa simbilisi na kuupeleka kitandani kwa mzee atakuwa hakuelewa.

Wajibu wa shule

Mafunzo ya baiolojia huwafundisha vijana namna ya kumpasua mnyama aliyekufa, na hiyo ni elimu yenye thamani. Yasiwanyime elimu ya kumtazama aliye hai. Shule yenye simbilisi wawili, mizani moja na daftari moja ina maabara ya lishe, ya upumuaji, ya uzazi na ya maadili kwa pamoja. Wanafunzi wapewe zamu za kuwapima na kuandika. Wanawe mikono kila wamalizapo, kwa kuwa simbilisi huweza kuambukiza choa na vijidudu vya kuharisha. Na kabla ya mnyama yeyote kuletwa shuleni, ukurasa wa kwanza wa daftari hilo uandikwe nani atawalisha wakati wa likizo, nani ataitwa wakiugua, na kwa dalili zipi uuguzi utakoma.

Shule isiyoweza kuujaza ukurasa huo isilete mnyama. Iwezayo itakuwa imewapa vijana wake zoezi ambalo mitihani haijaweza kulipima: kukusanya ushahidi kwa subira, kisha kuukubali hata pale unapouma.